Risasi Mtutuni na Fimbo ya Pazia la Mama

Mume wangu alikuwa bwana nyama wa Kibondo miaka ya sabini, na kama mabwana nyama wote niliowahi kuwajua, alikuwa haogopi mnyama yeyote mwenye miguu minne. Wa miguu miwili aliyemwogopa alikuwa mmoja tu, naye ni mama yangu mzazi.

Si kwamba mama alikuwa mkali. Alikuwa Mmanyema wa Ujiji aliyeolewa Kasulu na mfanyabiashara wa Kiha, mwanamke mfupi, mwenye sauti nzuri ya kaswida na mkono mwepesi wa kugawa vitumbua. Lakini mume wangu alikuwa Mrangi wa Kondoa, na kwao alilelewa akaambiwa kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, haketiwi mkeka mmoja, na chumba chake ni mwiko hata kukipitia karibu. Basi tangu anioe alikuwa akimjua mama kwa miguu. Ungemuuliza mama mkwe wako kavaa nini leo, angekujibu, "Kandambili za buluu," na huo ndio ungekuwa mwisho wa ushahidi wake.

Tulikaa nyumba ya serikali pale Kibondo, vyumba viwili na jiko la nje. Mimi nilikuwa nikishona. Cherehani yangu ilikuwa sebuleni, na bunduki yake ilikuwa chumbani, ndani ya sanduku lenye kufuli. Ilikuwa bunduki kubwa ya serikali, ya kupigia nyati na tembo wanaoingia mashambani. Kila Ijumaa akirudi msikitini aliitoa, akaitandikia gunia, akaifuta, akaipaka mafuta, akaichungulia ndani kama mtu anayetafuta kibanzi kwenye jicho la mtoto. Mafuta aliyoipaka yalikuwa ya cherehani yangu. Nilipomlalamikia alisema eti chombo cha serikali ni chetu sote. Nikamwambia kama ni hivyo, basi na sisi tuandikiane zamu, Ijumaa moja anifute mimi.

Mwaka ule watu walikuwa wamehamia vijiji vipya, wamelima pamoja, na mahindi yakakubali. Nyati dume mmoja mzee, aliyefukuzwa na wenzake huko mbugani, naye akaitikia wito wa kuishi kijijini. Mchana alilala kwenye matete ya bondeni. Kukipambazuka alikuwa shambani. Watu walipiga madebe, wakawasha moto, wakaimba, na yeye akatafuna. Mwishowe wazee wakaja kwetu, wakapiga makofi ya adabu mlangoni kama Waha wanavyofanya, wakasema wamechoka kumlisha mtu asiyehudhuria mikutano.

Mume wangu akaondoka na askari wake wa wanyamapori, mtu mzima kutoka Kagerankanda, hodari wa kufuata nyayo, mwenye mdomo usiojua likizo. Waliporudi kesho yake kabla ya adhuhuri nilijua mambo hayakwenda sawa. Mume wangu alipita moja kwa moja hadi chumbani bila salamu. Askari alibaki uani, akaomba maji, akakaa juu ya kinu kilicholala, akaanza kusimulia kabla hata sijauliza.

"Mama, tumemkuta kumepambazuka vizuri kabisa," alisema. "Kasimama ubavu. Anatafuna mahindi ya watu kama aliyealikwa. Bwana kapiga goti, kalenga. Watu wote nyuma yetu kimya. Mimi nimeziba masikio, nangoja ile puu! Nikasikia: pfyu."

"Pfyu?"

"Pfyu. Kama mzee anayekohoa kwa adabu. Yemwe! Nyati kageuka, kamtazama Bwana kama unavyomtazama mgeni aliyepiga chafya juu ya ugali. Halafu kaondoka. Hakukimbia, mama. Kaondoka tu."

Kutoka chumbani mume wangu akasema, "Nakusikia."

"Nasema ukweli, Bwana," askari akajibu, akapunguza sauti kidogo tu. Akaendelea kunieleza kwamba watu wa kijiji walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakaanza kupiga kelele, "Piga nyingine! Piga nyingine kabla hajafika matete!" Na nyati alikuwa bado karibu, mgongo wote uko wazi. Lakini mume wangu hakupiga. Aliugeuza mtutu akauelekeza kwenye kichuguu kitupu, hakugusa kitu, akangoja kwa muda mrefu huku watu wakimzomea, kwa sababu risasi yenye unyevu inaweza kuchelewa, ikalipuka wakati wewe umeshaisahau. Ndipo akageuza uso pembeni, akafungua bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, polepole. Ganda la risasi likatoka, na nyuma yake zikamwagika punje za baruti ambazo hazikuungua, nyeusi, kama majani ya chai. Ganda liko hapa, baruti iko chini, na kichwa cha risasi hakimo mwilini mwa nyati wala hakikuonekana kikianguka. Akatoa risasi zote zilizobaki, akazitia mfukoni, akawaambia wazee, "Leo bunduki hii haipigi tena."

"Watoto wametusindikiza mpaka barabarani," askari akamalizia. "Kila tukipiga hatua, wanakohoa."

Alipokwenda zake niliingia chumbani. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, amechomoa bolti na kuiweka juu ya mto. Kwenye mto wangu, si wake.

"Njoo uchungulie," akasema.

Nikachungulia kwa nyuma ya mtutu huku yeye ameuelekeza mdomo wake dirishani. Siku nyingine alipowahi kunionyesha niliona mwanga na mistari ya ndani inayojizungusha, inang'aa. Safari hii niliona giza, kama kuchungulia chupa iliyofungwa kizibo.

"Imekwama humo," akasema. "Baruti imeungua kidogo tu, imeisukuma ikaingia, ikashindwa kuitoa. Risasi hizi zilikaa stoo inayovuja. Nilijua rangi yake si nzuri. Maganda yameota ukijani."

"Sasa kama ungepiga nyingine?"

Alisema kwamba wakati wa mafunzo yao waliwahi kuonyeshwa bunduki ya mtu aliyepiga nyingine. Mtutu ulikuwa umefunguka kama ua la mgomba. Mwenyewe alinusurika, lakini tangu siku hiyo alifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Aliposema hayo nilimwona mume wangu kwa jicho jingine. Kuogopa nyati si kazi, hata mbuzi anamwogopa nyati. Lakini kuzomewa na kijiji kizima na bado usivute kidole, hapo nilikiri moyoni kwamba nilikuwa nimeolewa na mwanamume. Sikumwambia, maana angeomba chupa nyingine ya mafuta ya cherehani.

Na kweli aliichukua bila kuomba. Alitia matone kwa mbele, akaisimamisha, akatia kwa nyuma, akailaza, akasema mafuta yanahitaji kuachwa yapenye. Chupa yangu ikabaki na harufu.

Habari zilikuwa zimeshaenea, na Kibondo ikageuka chuo cha mafundi bunduki. Sajini wa polisi, rafiki yake wa bao, alikuja jioni akasema atoe tu kichwa cha risasi nyingine, abakishe baruti, apige, itasukuma. Mume wangu akamjibu, "Itasukuma, na meno yangu yatafuata." Jirani yetu mwalimu akashauri maji ya moto. Mama mmoja muuza ndizi akasema mawese, maana mawese yanalainisha kila kitu, hata mume. Nikamwambia mawese kwa baridi ya huku yataganda, halafu tutakuwa na bunduki ya kukaangia. Askari wa Kagerankanda akaja na mti wa mwanzi uliochongwa vizuri sana, amejitahidi mpaka ameupaka nta.

"Mti hapana," mume wangu akasema. "Ukipasukia ndani, utakuwa umeingiza mgeni wa pili, na huyu wa kwanza hajaaga."

Yeye alijua kabisa kinachotakiwa. Alitaka fimbo ya shaba ya njano, nzima, isiyo na tundu ndani, iliyonyooka, nene karibu kama tundu la mtutu ili isipite pembeni ya risasi na kuikaza zaidi. Shaba, kwa sababu ni laini kuliko chuma cha mtutu na haiikwangui ile mistari. Fimbo yake ya kusafishia ilikuwa nyembamba, ya kuungwa vipande vipande, na akasema ikigongwa itapinda au itakatika humo. Polisi walikuwa na fimbo, lakini nyembamba pia. Kwa watu wa barabara alipata nondo ngumu, akairudisha. Hospitali walimwonyesha bomba la kitanda, ambalo lilikuwa na tundu. Fundi wa bunduki wa serikali aliyekuwa akisikika alikuwa mbali, safari ya lori na treni, na mahindi yalikuwa yanaliwa kila kukicha.

Siku aliponieleza hayo nilikuwa nikipinda gauni. Nikasema bila hata kuinua kichwa, "Fimbo kama hiyo iko Kasulu."

"Kasulu wapi?"

"Nyumbani. Kwa mama. Ya pazia."

Alifurahi kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akauliza, "Pazia lipi?"

"La mlango wa chumbani kwake."

Mume wangu, aliyewahi kulala juu ya mti na simba chini yake, akatoka nje akaenda kuzunguka nyumba. Aliporudi akasema, "Haiwezekani. Utamwomba wewe."

"Mimi bunduki ya serikali sijaandikishwa nayo," nikamwambia. "Nitakusindikiza tu."

Tukapanda lori la maharage. Risasi zote aliziacha zimefungiwa polisi, na bunduki aliifunga vipande, bolti kwenye mkoba wangu chini ya kanga, na mwili wake kwenye gunia. Njia nzima alikuwa akitikisa midomo. Nilidhani anasoma dua. Nilipotega sikio nikasikia anarudiarudia, "Mama, shikamoo. Mama, tumekuja. Mama, kuna jambo." Tulipofika kilima cha mwisho kabla ya mji alikuwa hajapita hapo kwenye "jambo."

Baba alitupokea dukani, akafurahi sana, kwa sababu siku za biashara ndogo alipenda sana msiba wa mtu mwingine. Alichungulia mtutu, akasema, "Hii tunaiweka kwenye jiko la mkaa. Chuma kikipata moto kinatanuka, risasi inaanguka yenyewe." Akaanza hata kukung'uta jiko. Mume wangu akapiga magoti nusu, kwa heshima zote, akasema, "Baba, samahani, baba, moto hapana. Mtutu ukiungua ugumu wake unakwisha, hauaminiki tena." Baba alirudisha jiko mahali pake kwa huzuni. Akauliza, "Sasa unataka nini?" Mume wangu akamnong'oneza. Baba akasema neno ambalo sijawahi kulisahau: "Hiyo hata mimi sijaigusa." Akarudi kupima chumvi.

Fimbo yenyewe bibi yangu aliinunua Ujiji kwa Mhindi aliyekuwa akifunga duka, akampa mama alipoolewa. Ilikuwa nene kama kidole kidogo, shaba tupu, yenye vifundo viwili vya kuzungusha pembeni. Kila kuelekea Idi mama aliisugua kwa ndimu na majivu mpaka inaumiza macho.

Mama alikuwa jikoni, anakoroga mchuzi. Mume wangu alikaa kizingitini, uso kwenye mkeka. Mimi nikakaa pembeni nachambua mchele, na ninakiri kwamba sikuwa na haraka ya kusaidia.

"Mama," akauambia mkeka, "tumekuja na jambo zito."

"Sema, baba."

"Ni la aibu kidogo."

Mama akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Kuna kitu kimekwama," mume wangu akaendelea, jasho linamtoka. "Tangu juma lililopita. Nimetia mafuta, nimengoja, hakitoki."

Mama akaweka mwiko chini taratibu sana. "Umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda, mama. Hawana kifaa."

"Pole, baba."

"Hata polisi nimekwenda."

"Polisi!"

"Nao chao ni chembamba. Sasa kifaa pekee ninachokijua mimi, mama, unisamehe, kiko chumbani mwako."

"Astaghfirullah!" Mama akajivuta nyuma na kigoda chake. "Mwanangu, mumeo ana homa?"

Hapo nilishindwa. Mchele ulimwagika, nikacheka mpaka nikalazimika kushika nguzo. Nilipopata pumzi nikamweleza mama habari ya bunduki, nyati, kikohozi na pazia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, uso hautikisiki. Kisha mabega yakaanza. Alicheka kimya kwanza, machozi yanatiririka, halafu sauti ikatoka, na ilikuwa sauti iliyozoea kusikika msikiti mzima. Baba akapiga kelele kutoka dukani, "Kuna nini huko?" Mume wangu alikuwa bado anatazama mkeka, masikio yamewiva kama pilipili.

Mama alipotulia alitoa masharti yake. Fimbo ataishusha yeye mwenyewe. Haikatwi, haipindwi, haitiwi motoni. Na haitoki machoni pake hata dakika moja. "Kazi itafanyika hapa uani, na mimi nitakuwepo," akasema.

Akaitandikia meza ya uani kitambaa kama anayeandaa chakula cha mshenga. Mume wangu akafungua gunia. Mama alipoona bunduki akauliza jambo la kwanza ambalo mtu mwenye akili huuliza: "Haina kitu?"

Akamwonyesha. Bolti hii hapa, nje. Kisanduku cha risasi hiki hapa, kitupu, tia kidole. Ganda lililotoka hili hapa, na baruti yake ilibaki shambani. "Kilichobaki ndani ni kichwa peke yake, mama. Bila baruti ni jiwe tu. Ingekuwa ni risasi nzima imekwama, yenye baruti na fataki yake, nisingeigonga kabisa, wala nisingeileta nyumbani kwako. Hiyo ungeitia mafuta, ukaielekeza penye udongo mtupu, ukaifungua kwa mkono mwepesi. Ikikataa, unamwachia fundi mwenye vyombo vyake." Alikuwa bado anaongea na miguu ya mama, lakini maneno yalikuwa yameanza kutoka bila kukwama.

Kwanza alipima. Aliazima futi yangu ya kushonea. Aliingiza fimbo kwa mdomo wa mtutu polepole mpaka ikagusa, akafunga uzi mwekundu kwenye fimbo pale ilipolingana na mdomo. Akapima na kwa nyuma. Akajumlisha, akatoa, akasema risasi ni moja tu, haikusafiri sana, iko karibu na nyuma, kwa hiyo itarudishwa ilikotokea, ambako ndiko njia fupi. Mama alifungua kifundo kwa kanga, na chini yake ncha ya fimbo ilikuwa bapa, safi, kama iliyoagizwa. Fimbo ikazungushiwa kitambaa chembamba chenye mafuta ili isisugue mdomo wa mtutu. Kitako kikawekwa juu ya gunia la mchele lililokunjwa, mtutu umesimama unatazama mbinguni, na fimbo imesimama ndani yake, ndefu kumpita mama.

Hapo tatizo likajitokeza. Fimbo ilikuwa ndefu mno, ukiigonga juu inayumba. Alihitajika mtu wa kuishika katikati, sawasawa, isisogee. Mimi nilikuwa nimeshika mwili wa bunduki. Baba alikuwa na mteja wa mafuta ya taa. Mume wangu akatazama huku na huku. Mama akasema, "Niishike wapi?"

"Hapa, mama," akasema, akaonyesha.

Mama akashika. Mume wangu akapanda juu ya kigoda na nyundo yake, ambayo ilikuwa mchi mdogo wa mama wa kutwangia pilipili manga. Akagonga, si kwa nguvu, tak, tak, tak, kama fundi seremala anayeingiza kigingi cha mlango. Hakuna kilichotokea. Akaongeza mafuta, akangoja, akagonga tena. Mama akasogeza mkono.

"Usisogeze, mama!" mume wangu akasema. "Shika palepale. Nyoosha! Unainamisha kwako."

Mama alikuwa hajaambiwa "unainamisha" na mtu yeyote tangu aolewe.

"Hivi?" mama akauliza.

"Hivyo. Hapo hapo. Sasa angalia uzi."

Wakaendelea. Tak, tak, tak. Wote wawili macho kwenye uzi mwekundu, vichwa vimekaribiana, jasho la mmoja linamdondokea mwenzake, na hakuna aliyekumbuka Kondoa wala Ujiji. Mara sauti ya kugonga ikabadilika, ikawa nyepesi kidogo. Mama akapiga ukelele, "Uzi unashuka! Unashuka, baba! Umeshuka!"

"Umeshuka, mama?"

"Nakwambia umeshuka, gonga!"

"Polepole, mama, hatuna haraka."

"Nani ana haraka? Gonga!"

Uzi ulipozama chini ya mdomo alishuka kutoka kigodani, akasukuma fimbo kwa mkono tu, nami nikainamisha bunduki. Kitu kikaanguka juu ya gunia. Kilikuwa kidogo, chekundu kama shaba ya sufuria, kina mikwaruzo ya mistari pembeni, kama kokwa ya tende. Mama alikichukua, akakigeuza, akasema, "Huyu ndiye aliyenivulia pazia?"

Mume wangu akainua uso kumjibu, akakutana na macho yake. Nadhani ndiyo mara ya kwanza. Alibaki hivyo, mdomo wazi, mchi mkononi, kisha akasema, "Ndiye, mama," na wote wawili wakacheka.

Aliusafisha mtutu kwa vitambaa mpaka vikatoka vyeupe, akachungulia mbinguni kwa muda mrefu. Alikuwa akitafuta pete, alisema, yaani mahali ambapo mtutu ungekuwa umevimba kwa ndani. Mtutu wenye pete hautibiki. Mama naye akataka kuchungulia, akachungulia, akasema haoni pete wala hereni. Baba alipomaliza kuuza mafuta ya taa na kuja, kila kitu kilikuwa kimekwisha, na alinuna hadi wakati wa chakula.

Tuliporudi Kibondo mume wangu hakuipeleka bunduki begani moja kwa moja. Zile risasi zenye ukijani alizirudisha zote, akangoja nyingine kutoka Kigoma. Zilipokuja aliifunga bunduki kwa kamba kwenye gogo, pale shimo la zamani la changarawe, akaweka risasi moja, akajificha nyuma ya tuta na askari wake, akaifyatua kwa kamba ndefu. Puu. Wakakagua, wakarudia. Puu. Askari aliniambia baadaye kwamba Bwana aliikumbatia bunduki ile mbele za watu. Nikamwambia hapo hakuna habari mpya.

Nyati alikuwa amenenepa. Walimkuta shambani kulekule, kasimama vilevile, na safari hii hakupata nafasi ya kumdharau mtu. Mume wangu alimuwahi kwa kisu na bismillahi, kijiji kikala nyama, na wazee wakaleta mguu mzima kwetu kwa makofi ya adabu. Watoto waliendelea kumkohoa barabarani kwa miezi kadhaa. Naye akawa anawajibu kwa kukohoa.

Mimi ndiye niliyepata hasara. Kabla ya mambo hayo, tukienda Kasulu, mama alikuwa wangu. Tulikaa jikoni, yeye na mimi, tukateta mji mzima, na mume wangu alibaki dukani na baba akihesabu vibiriti. Baada ya hapo mama alikuwa akisikia lori tu anatoka mwenyewe barazani. "Mkwe wangu yuko wapi? Njoo, baba, kuna bawaba ya mlango wa choo inalia." Au ni mpini wa shoka, au ni mbuzi anayechechemea. Nao wangekaa chini, mkeka mmoja, wakibishana juu ya mbuzi kama majaji wawili, yeye anasema ni kwato, mama anasema ni goti.

Idi moja niliwakuta hivyo, tangu asubuhi, na mbuzi mwenyewe kalala kati yao anacheua. Nikasema na mimi naona ni kwato. Mama akageuka, akanitazama kama anayenikumbuka kwa mbali.

"Wewe mwanangu," akasema, "hebu katuletee maji."

Nikachukua ndoo nikaenda.